Siku Nilipomkumbatia Baba Mkwe

Mmeniita niseme nanyi kabla hamjaanza kazi, nami nimekuja kwa furaha. Siku hizi nyumbani sina wa kugombana naye isipokuwa kuku wanaovamia mpunga nilioanika, na kuku hawanisikilizi. Ninyi angalau mtakaa kimya mpaka nimalize.

Kazi yangu ilikuwa hii hii mnayoianza. Nilitunza wazee katika nyumba moja huku Ngonga, Kyela, iliyozungukwa na majaruba ya mpunga pande zote, hata vyura wakianza kuimba masika tulilazimika kufunga madirisha ili tusikizane. Nimelisha, nimeogesha, nimegeuza watu vitandani. Nimetukanwa na nimeombewa, na mara nyingine yote mawili na mtu mmoja, asubuhi moja.

Aliyenifundisha ni Bi Zaituna, msimamizi wetu. Alikuwa muuguzi mstaafu kutoka Mbugani, mtoto wa watu waliokuja Kyela na biashara ya vitambaa wakitokea pwani. Mwembamba, mtaratibu, hapandishi sauti. Siku yangu ya kwanza alinilaza kitandani mchana kweupe, akaniambia nifumbe macho. Nikafumba. Mara nikahisi mikono ikinigeuza ubavu bila neno lolote. Nilishtuka, nikamshika kanzu nusura niichane.

"Umeona?" akasema, akiinyoosha kanzu yake. "Na wewe ni mzima, unajua uko wapi na umelala kwa nani. Sasa mfikirie bibi wa miaka mingi, haoni vizuri, kaamshwa hivyo. Atakupiga kofi, na atakuwa na haki."

Basi hilo ndilo la kwanza. Sema kabla hujagusa. Sema jina lake, sema unataka kufanya nini, ngoja aitike. Na useme kwa lugha anayoielewa. Tulikuwa na binti mmoja kutoka Dodoma, mchapakazi kwelikweli, ambaye alimpigia kelele bibi mmoja wa Bujonde wiki nzima akidhani ni kiziwi. Bibi alikuwa anasikia hata panya wakitembea darini. Ila Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, cha kuuliza bei na kukataa bei. Nilipomfundisha yule binti kusema kwa Kinyakyusa "mugonile" asubuhi na "ndaga" akipewa kitu, bibi alimshika mkono akacheka, na kuanzia hapo hakutaka kuogeshwa na mtu mwingine. Sisi wengine tukabaki na wanaotema uji.

Lakini sikuja kuwasimulia uji. Nataka kuwasimulia habari ya baba mkwe wangu.

Ninyi wengi mmezaliwa wakati mambo haya yamelegea, kwa hiyo nieleze. Kwetu Wanyakyusa, tangu zamani, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Akimwona njiani anakwepa. Hali chakula naye, haingii chumba alichomo, halitaji jina lake. Makanisa yalipokuja, wengi waliacha. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, anayesoma Biblia na kukemea pombe, lakini hili hakuliacha. Tangu nilipoolewa nilimjua kwa mgongo na kwa kikohozi. Mgongo, kwa sababu akitokea njiani mimi nilikwishaingia kwenye migomba, nikachungulia akishapita. Kikohozi, kwa sababu kila alipoukaribia ua wetu alikohoa kidogo, kikohozi kikavu cha makusudi, kama mtu anayegonga mlango, ili nipate nafasi ya kutokea upande wa pili.

Haukuwa ugomvi. Ilikuwa heshima, na alinitendea mema yote ambayo mtu anaweza kumtendea mtu asiyemwona. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, Lusajo, alituma mkungu wa ndizi uliomshinda mbebaji.

Kisha mama mkwe akafariki, na haukupita muda mzee akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, na maneno yakawa yanatoka kwa kuburuzwa. Hapo ndipo ilipoonekana shida yenyewe. Wanawe wa kiume walikuwa mbali kikazi. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, leo Mbeya kesho Tunduma. Binti yake wa pekee, wifi yangu Tumpale, ameolewa Matema kwa wavuvi. Nyumbani Bujonde walibaki wake wa wanawe, wanawake wenye nguvu na moyo mwema, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kumshika mkono. Wanaume wa jirani walikuja kumwogesha wakipata nafasi, na wakati wa kuvuna kokoa hawakupata nafasi.

Jioni moja mume wangu akaniambia, "Mama Lusajo, tumekubaliana. Baba tunampeleka kwenu."

"Kwetu wapi? Wazazi wangu wamekwishakufa."

"Kazini kwako."

Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuuchambua mpaka haikubaki hata chuya moja.

Bi Zaituna hakuona ajabu. Aliniuliza maswali machache, akaelewa, akapanga. Mzee akapewa kitanda upande wa wanaume, chini ya Ipyana, mhudumu wa kiume aliyekuwa na kifua kipana na mikono laini kama ya mama. Mimi nikabaki upande wa wanawake. Zamu yangu ya kugawa chakula ikifika, naweka sahani ya mzee kwenye stuli mlangoni, nagonga, naondoka. Wengine walimnong'oneza Bi Zaituna kwamba ni upuuzi kulea mila katika nyumba ya huduma. Akawajibu, "Mzee amepoteza mkono, amepoteza mguu, amepoteza mke. Hili ni lake. Kama linabebeka, tutalibeba."

Na lilibebeka, tena kwa vicheko. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo Mzee Salumu, aliyekuwa na duka la vyombo mjini. Huyu alijiteua kuwa mpiga mbiu. Nikitokea tu na sinia, utamsikia ndani: "Mzee mwenzangu, geukia ukuta, mkweo anapita na maharage." Baba mkwe anageuka. Nikishaondoka: "Haya rudi, njia nyeupe. Maharage yenyewe si mengi."

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye kazi. Mimi nisiyemwona mzee nilikuwa namsikia. Na siku moja, nikitoka mlangoni na sinia tupu, nikasikia anakohoa. Nikasimama. Hakikuwa kile kikohozi chake kikavu nilichokizoea. Kilikuwa na maji ndani yake. Chakula cha mchana, vilevile. Kila akinywa chai, kikohozi cha maji, na sauti yake ikishatoka inakwaruza kama redio iliyotoka kwenye kituo.

Nikamwambia Bi Zaituna. Alikwenda kukaa naye chai ya jioni, akamtazama koo, akamwambia aseme neno baada ya kila funda. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Anapaliwa kila mlo," akasema. "Kiharusi kimelegeza na koo. Chai inaingia njia ya hewa kidogo kidogo. Tukiacha hivi, ama kifua kitajaa, ama siku moja atakabwa."

Watu hudhani chakula kigumu pekee ndicho cha hatari. Maji matupu na chai yana hatari yake kwa mzee wa namna hii, maana yanakimbia kuliko koo lake. Tukaanza kumpa uji mzito, na chai tukaifanya nzito kwa unga mpaka ikashika kijiko. Mkalishe wima kabisa, miguu ikanyage chini, kidevu kiiname kidogo. Kijiko kidogo. Ngoja uone koo limepanda na kushuka, ndipo ulete kingine. Usimsemeshe akiwa na chakula mdomoni, maana kwa adabu atajitahidi kukujibu. Akimaliza, mwache wima muda wa kutosha, na umsafishe kinywa kwa kitambaa, mashavu yote mawili, hasa upande uliolegea, kwa sababu chakula hujificha huko naye hana habari.

Mzee aliuchukia ule uji mzito. Alimwambia Ipyana kwamba akitaka kula udongo ataenda mwenyewe kwa wafinyanzi wa Ikombe. Lakini kikohozi cha maji kikaisha, na uzito wake ukarudi.

Kisha ikaja siku ya mvua. Barabara ilikuwa imejaa maji, na bibi mmoja alizidiwa, kwa hiyo Bi Zaituna na Ipyana walimpeleka hospitali mjini kwa gari la kukodi. Mimi nilibaki na wazee pamoja na mpishi. Wakati huo huo akaja mgeni, mzee wa kanisa mwenzake baba mkwe, kalowa mpaka magotini, na viazi vitamu vya kuchemsha amevifunga kwenye jani la mgomba. Alikuwa ametembea na mvua ile kumletea rafiki yake kitu anachokipenda. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za koo. Angejuaje?

Nilikuwa nje ya chumba, naanika mashuka barazani, niliposikia Mzee Salumu anaita. Hakuita kwa mzaha wake. Aliita jina langu, ambalo hakuwahi kulitumia.

"Atupele. Njoo. Mkweo hapumui."

Mashuka yalibaki chini. Nilipoingia, mgeni alikuwa amesimama na jani mkononi. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake cha mikono, mkono mzima umeshika shingo, macho yamemtoka. Hakohoi. Hapo mjue: anayekohoa, mhimize akohoe zaidi. Asiyeweza kukohoa wala kutoa sauti, huyo ndiye anayekufa mbele yako.

Sikufikiri mila. Wala sikufikiri kuivunja. Nilimwinamisha mbele, mkono wangu mmoja kifuani pake, mwingine nikampiga mgongoni katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja, kwa nguvu. Hakikutoka. Nikampiga tena. Hakikutoka. Basi nikapita nyuma ya kiti, nikamzungushia mikono yote miwili, ngumi moja juu kidogo ya kitovu, mkono mwingine juu ya ngumi, nikavuta ndani na juu. Kichwa chake kilikuwa kwenye bega langu. Nikavuta tena. Kipande cha kiazi kikaruka mpaka kwenye kitanda cha Mzee Salumu, na mzee akavuta pumzi kwa sauti kama mlango mbovu.

Nikabaki nimemshika mpaka pumzi ikatulia. Kisha tukatambua, mimi na yeye kwa pamoja, nani amemshika nani. Nikamwachia. Yeye akageuza uso ukutani. Mimi nikatoka, nikakaa barazani kwenye yale mashuka yaliyochafuka.

Bi Zaituna aliporudi alimpeleka hospitali hapo hapo akapimwe, maana kubana tumbo la mzee namna ile kunaweza kuumiza ndani. Akaonekana salama. Siku iliyofuata alituita wote, mpishi, mfagiaji, mlinzi, na hakuuliza nani kakosa. Aliuliza, "Mgeni amepita wapi na wapi kabla ya kufika kitandani, na nani angeweza kumwambia?" Tukahesabu: mlinzi, mpishi, mimi. Tangu hapo chakula chochote cha mgeni kilipita jikoni kwanza, na kila mfanyakazi, hata mlinzi, alifundishwa la kufanya mtu akikabwa. Yule mzee wa kanisa hakuachwa na aibu yake. Bi Zaituna alimwonyesha jinsi ya kuponda viazi na maziwa, na akaja kila Jumapili kuviponda mwenyewe.

Lakini baba mkwe aliacha kula.

Kijiko kikija, anafunga mdomo. Ipyana akabembeleza, akachoka. Alitamka jambo moja tu: arudishwe Bujonde. Nilijua kwamba ni kwa sababu yangu, na nilijua Bujonde hakuna wa kumlisha. Nikamwambia Bi Zaituna nitaacha kazi ili mzee abaki.

"Kaa hapo," akasema. "Umemuuliza anataka nini?"

"Nitamuulizaje, Bi Zaituna? Siwezi kusema naye."

"Basi niache nimuulize mimi."

Akaingia akakaa naye kitambo. Akatoka akasema mzee anawataka wanawe. Mume wangu akapatikana, Tumpale akapanda gari kutoka Matema na ndoo ya usipa, dagaa wa ziwani, kama kawaida yake. Asubuhi walipoingia, mimi nilikaa nje chini ya dirisha. Sikujificha, kila mtu alijua nipo pale, na mzee alijua kuliko wote.

Alisema taratibu, akivuta kila neno. "Nimeona aibu," akasema. "Nimekaa na aibu hii nikaitazama. Nimemkimbia mtoto yule tangu alipoingia kwangu, kwa heshima. Naye akanikimbia, kwa heshima. Sasa amenishika, nikarudi. Nikiendelea kumkimbia, hiyo si heshima tena. Nitakuwa namkimbia mtu aliyenipa pumzi."

Mume wangu akauliza, "Unatakaje, baba?"

"Mwiteni aingie kwa mlango."

Niliingia nimeinamisha kichwa, nikapiga magoti. Akaniambia nimtazame. Sikuweza upesi. Nilipoinua macho, niliona kwa mara ya kwanza, kwa utulivu, uso wa baba mkwe wangu. Nilikuwa nimeolewa na uso ule miaka yote: nyusi zile zile za mume wangu, na tabasamu lile lile linaloanzia upande mmoja, ingawa la mzee sasa lilikuwa na upande mmoja tu.

"Ugonile, Atupele, mwanangu," akanisalimu.

Nikaitika. Nikamwita tata, yaani baba. Tumpale alikuwa analia waziwazi, na Mzee Salumu, ambaye hakuna aliyemwomba atoke, akasema kutoka kitandani kwake, "Sasa mimi kazi yangu imekwisha."

Bi Zaituna akanifundisha somo la mwisho siku ile. Nilidhani mlango ukifunguliwa umefunguliwa wote, nikataka kuanza kumhudumia kwa kila kitu. Akanizuia. "Muulize," akasema. "Kila jambo peke yake." Nikamuuliza. Mzee akafikiri. "Kuoga, Ipyana," akasema. "Chakula, mwanangu. Ipyana ananilisha kama anajaza debe." Basi ikawa hivyo mpaka mwisho, na sikuwahi kuvuka.

Aliishi misimu kadhaa ya mpunga baada ya hapo, na nathubutu kusema ilikuwa misimu mizuri. Alitaka kujua kila kitu nilichokifanya nikiwa kwenye ile migomba akipita. Nilimwambia nilikuwa namchungulia. Akasema hata yeye. Alikuwa akifika kwenye kona anajifanya kufunga kiatu. "Nilitaka kuona kama unanenepa," akasema, "au mwanangu anakunyima." Tulicheka mpaka ikabidi niweke kijiko chini, maana nimewaambia, mtu asicheke na chakula mdomoni.

Alikufa mchana, kifua kikiwa safi, bila kidonda hata kimoja mwilini. Tumpale alishika mkono mmoja, mimi mwingine. Hilo la vidonda nalitaja kwa makusudi. Siku mtakayomwandaa mzee kwa safari yake na mkaukuta mgongo wake mzima, hakuna atakayewapigia makofi, lakini ninyi mtajua mlichokifanya.

Tukamzika Bujonde. Watu walikuwa wengi. Wanawake walitandika mikeka ndani, mabinti wa ukoo wakakaa karibu na mwili, na wake wa wana, kama ilivyo desturi, walikuwa nyuma wakipika. Nilimsalimu wifi yangu pale mkekani, nikajifunga khanga vizuri, nikachukua ndoo na kuelekea nyuma kwa wenzangu.

"Unakwenda wapi?" Tumpale akaniuliza.

"Jikoni, wifi. Maji hayatoshi."

"Jikoni wapo wakwe," akasema, akasogea, akapapasa mkeka kando yake. "Wewe njoo ukae."

Nikaweka ndoo chini, nikavua ndala, nikakaa.